Kumfunza mtaalamu wa usemi na lugha: aanzie nyumbani kwa mgonjwa

Mtoto wa miaka minne anaingia chumba cha tiba. Mlangoni mama yake amemnong'oneza, "Msalimie daktari." Anasema shikamoo kwa sauti ndogo, macho chini, mikono ameishika mbele. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweka picha ya mbwa mezani na kuuliza, "Hii ni nini?" Kimya. Anaweka picha ya kikombe. Kimya. Baada ya dakika kumi fomu imejaa: hamtazami mtu usoni, hajibu maswali, haongei bila kuhimizwa. Anayeisoma fomu hiyo bila kumwona mtoto atafikiria usonji, au kuchelewa kwa lugha. Bibi wa mtoto akiulizwa, atasema mjukuu wake ana adabu.

Fomu ile haina neno la uongo hata moja. Kosa ni kwamba mwanafunzi hakufundishwa kuuliza kwanza: katika nyumba hii, mtoto wa umri huu hutarajiwa kuongea na nani, lini, na kwa namna gani? Mwongozo huu ni kwa wakufunzi, wasimamizi wa mafunzo ya vitendo na wanafunzi wa tiba ya usemi na lugha, hasa wanaofundisha au kusomea Afrika Mashariki, na unahusu jinsi ya kuliingiza swali hilo katika kila hatua ya mafunzo.

Utamaduni usiwe mhadhara mmoja

Taaluma hii ilijijenga kwanza Ulaya na Marekani. Chama cha kimataifa cha wataalamu wake kiliundwa Vienna mwaka 1924, cha Marekani mwaka 1925, cha Uingereza mwaka 1945. Vipimo, vitabu na hata mpangilio wa chumba cha tiba vilitoka huko vikiwa vimebeba desturi za huko: mtoto anayekaa sakafuni kucheza na mama yake, mtu mzima anayeuliza jambo analolijua ili mtoto "aonyeshe" anajua, mgonjwa anayejiamulia mwenyewe. Mafunzo ya shahada yalipoanza Makerere mwaka 2008, walimu na vifaa vingi bado vilitoka nje. Hilo si aibu. Lakini kifaa kilichotoka mbali kinahitaji kukaguliwa kabla ya kuaminiwa.

Vyuo vingi huweka somo moja la "utamaduni na jamii" mwaka wa kwanza, saa mbili kwa wiki, kisha mambo yanakwisha. Mwanafunzi anafaulu mtihani, halafu mwaka wa tatu anaandika fomu kama ile ya juu. Njia inayofanya kazi ni kuligawa somo: kila kozi ya kitabibu, iwe ya matamshi, kigugumizi, sauti, afasia (kupotewa na lugha baada ya ubongo kuumia) au umezaji, iwe na zoezi lake la jamii na utamaduni, na zoezi hilo liwe na alama. Kisichopewa alama hakisomwi.

Kuna jambo la pili lisilosemwa sana. Mihadhara ni ya Kiingereza, na wagonjwa wanaongea Kiswahili au lugha za nyumbani. Mwanafunzi anajua istilahi kumi za Kiingereza za kupaliwa lakini hawezi kumweleza mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa nini uji unaingia njia ya hewa. Kuanzia muhula wa kwanza, kila mwanafunzi awe na daftari la maneno: upande mmoja istilahi ya darasani, upande wa pili sentensi nzima atakayoisema kwa mtu asiyesoma. Neno moja halitoshi. "Afasia" haimsaidii mke wa mgonjwa. "Akili yake ipo, anakutambua, anajua anachotaka kusema; kiharusi kimegonga sehemu ya ubongo inayotafuta maneno" inamsaidia, tena inamzuia asianze kuongea na mumewe kama mtoto.

Katika daftari hilo yawekwe pia maneno ya mtaani, kwa sababu mgonjwa atakuja nayo: kithembe, kigugumizi, mdomo wa sungura, kimeo, ulimi mzito, bubu. Mwanafunzi ajue kila neno linamaanisha nini kwa msemaji na linauma kiasi gani. "Bubu" mara nyingi huitwa mtoto ambaye kwa kweli hasikii, na hakuna aliyewahi kumpima masikio. Kwa hiyo mtu akisema "mtoto wangu ni bubu", hatua ya kwanza ni kumpeleka apimwe usikivu. Mambo ya ulimi yatafuata. "Taahira" na "zezeta" visiandikwe kwenye faili hata kama familia imevitumia.

Mwanafunzi ajitazame kabla ya kumtazama mgonjwa

Wiki ya kwanza, mpe kila mwanafunzi karatasi na maswali haya, aandike majibu ya nyumbani kwao: Nani alikulea mchana? Ulipokuwa na miaka mitano, uliruhusiwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa? Mlikula sahani moja au kila mtu na yake? Nani aliamua mtu apelekwe hospitali? Mtu mwenye kigugumizi mtaani kwenu aliitwa nani? Mlisema chanzo chake ni nini?

Wakae wanne wanne walinganishe. Aliyekulia Oysterbay au Kilimani na aliyekulia kijijini Newala watagundua hawana jibu moja. Lengo ni waone kwamba "utamaduni wetu" wanaoudai wote si mmoja. Kosa kubwa la mwanafunzi mwenyeji si kudharau utamaduni wa mgonjwa. Ni kudhani anaujua kwa sababu wote ni Watanzania au Wakenya. Mgeni angalau huuliza.

Zoezi hili linaharibika mkufunzi asiposhiriki. Ajibu naye maswali yale yale mbele yao.

Mahojiano ya kwanza

Salamu si utangulizi wa kazi, ni kazi. Tenga dakika tano kamili kwa ajili yake na mwanafunzi asishike kalamu katika dakika hizo. Katika salamu anasikia sauti ya mgonjwa, upumuaji wake, kama anafuata zamu ya kuitikia, kama shikamoo inapata marahaba yake. Mzee aliyepata kiharusi anaweza kushindwa kutaja kikombe lakini akaitikia salamu saba mfululizo bila kosa. Hiyo ni taarifa ya kitabibu, na aliyekimbilia picha hataipata.

Kisha aulize nani ni nani. Aliyemleta mtoto huenda ni shangazi, na anayekaa naye mchana kutwa ni dada yake wa miaka tisa. Mazoezi ya nyumbani yakifundishwa kwa mama anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda sokoni, hayatafanyika, na faili litaandikwa "familia haitoi ushirikiano". Mlete yule dada. Watoto wakubwa huwafundisha wadogo kuongea kila siku kwa michezo yao, na mara nyingi huiga zoezi vizuri.

Maswali ya uelewa yatokane na maisha ya mtoto. Badala ya "Anaelewa maagizo yenye hatua mbili?", ambalo mzazi yeyote atalijibu ndiyo, ulizeni: "Mnamtuma? Mara ya mwisho mlimtuma nini, na alirudi na nini?" Mtoto wa miaka minne anayeambiwa "Nenda chumbani, niletee kanga ya bibi, halafu rudisha mlango," akarudi na kanga na mlango ameufunga, ameelewa hatua mbili, umilikaji na mfuatano wa matendo. Asiyetumwa kabisa, wakati mdogo wake anatumwa, familia imeshaona kitu hata kama haijakitaja.

Kuhusu chanzo, mwanafunzi aulize wazi: "Nyumbani wanasema imetokana na nini? Na mmeshafanya nini mpaka sasa?" Atasikia majini, laana, kurogwa, mapenzi ya Mungu, mama kushtuka akiwa mjamzito. Asikubali, asikatae, asicheke. Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye uzito wa kitabibu. Watoto wengi wa Tanzania wamekatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Kukata huko huweza kuleta damu nyingi na maambukizi, na mtaalamu anayechunguza sauti inayotokea puani lazima ajue kama kimeo kipo au kimekatwa. Wengine wamekatwa utando chini ya ulimi kwa imani kwamba ndio unaozuia maneno. Wakihisi watakaripiwa, hawatasema. Atakayeuliza kwa utulivu ataambiwa.

Na mwanafunzi asiulize kamwe "Umeelewa?" Mbele ya mtu anayeitwa daktari, jibu ni ndiyo, hata kama hakuna kilichoeleweka. Aseme: "Nionyeshe utakavyomlisha jioni." Mikono ya mama itajibu.

Matamshi: lipi ni tatizo, lipi ni kwao

Hapa ndipo makosa yanapozaliwa kwa wingi, na hapa mkufunzi akae muda mrefu.

Kiswahili kina irabu tano na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Kipimo cha matamshi kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza kinatafuta konsonanti mwishoni mwa neno, mahali ambapo Kiswahili karibu hakina, na hakigusi mb, nd, nj, ng', ny, mv wala nz mwanzoni mwa silabi. Kwa hiyo usitafsiri. Tengeneza, na uwafanye wanafunzi watengeneze. Ni zoezi zuri la muhula mzima.

Waanze na orodha ya konsonanti zote pamoja na zile zenye nazali (m au n mbele yake, kama mb na nd), wapange kila moja mwanzoni mwa neno na katikati. Paka na kipepeo, mbuzi na tembo, ndizi na kidonda, njugu, panga na kisu ili kusikia ng na k, ng'ombe, nyoka na kinyonga, chura na kichwa, jicho na jiji, samaki na kisu, sungura, shoka na mshumaa. Watafute maneno kama 60. Kila neno lichorwe na mchoraji wa hapa, kwa rangi, jiko liwe la mkaa au mafiga, nyumba isiwe na bomba la moshi juu ya paa. Wakawaonyeshe watoto 20 wa mtaani wasio na shida ya kuongea, wenye miaka mitatu hadi sita. Picha isiyotajwa kwa neno lililokusudiwa na angalau watoto 16 kati ya 20 itupwe au ichorwe upya. Wataona wenyewe kwamba "treni" ni "gari moshi" kwa mmoja na "reli" kwa mwingine, na kwamba wengine hawajawahi kuiona.

Kisha somo la pili: kusikia. Mkufunzi alete sauti zilizorekodiwa, kwa idhini, za watu wazima wa lugha mbalimbali za nyumbani wakisoma orodha ile ile. Kikuyu hakina l, kwa hiyo msemaji wake huweza kusema "rara" kwa "lala". Lugha nyingine za Kibantu zina l bila r, na msemaji atasema "kula" anapokusudia "kura". Wasemaji wengi wa bara hubadili dh kuwa z na th kuwa s: "zahabu", "selasini". Wengine huangusha h: "abari". Mombasa, kwa upande mwingine, wazee wanatofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi inayotoka kwenye p, tofauti ambayo mwanafunzi wa Dodoma huenda haisikii kabisa.

Kanuni ya kazi ni hii: kabla ya kuandika kosa, sikiliza wanaomlea. Mwanafunzi arekodi dakika tatu za mama, baba au bibi wakiongea na mtoto, aweke alama kwa sauti zao zote zinazotofautiana na za kitabuni. Sauti ambayo mtoto anaitoa kama wanaomlea si ya kutibiwa. Mtoto wa miaka mitano anayesema "tamaki" kwa samaki, wakati nyumba nzima inasema s vizuri, huyo ana jambo. Mtoto anayesema "zahabu" kama baba yake hana.

Familia inaweza kuomba hata hivyo mtoto afundishwe "Kiswahili fasaha", labda kwa sababu anachekwa shuleni. Inaruhusiwa kumsaidia, ila faili liseme wazi kwamba ni mafunzo ya lafudhi kwa ombi la familia, si tiba ya ugonjwa. Pwani kuna msaidizi ambaye wengi humsahau: mwalimu wa madrasa. Kazi yake ya kila siku ni kufundisha makhraji, mahali sauti inapotokea kinywani na kooni, na anamjua vizuri mtoto mwenye kithembe. Mwanafunzi amtembelee, amsikilize anavyoelekeza ncha ya ulimi kwa th na s. Atarudi na maneno ya kumwelekezea mtoto ambayo hayamo katika kitabu chochote cha chuo.

Na lafudhi ya mwanafunzi mwenyewe? Asizuiwe kuhitimu kwa sababu anachanganya r na l. Kinachotakiwa ni asikie tofauti hata kama haitamki, na pale anapofundisha sauti ambayo hana, atumie sauti iliyorekodiwa au mwenzake.

Sarufi: neno moja lenye sehemu sita

Wanafunzi wanafundishwa kupima urefu wa sentensi za mtoto kwa kuhesabu maneno. Andika ubaoni: *nitakupikia*. Kwa hesabu ya maneno ni moja. Ikatwe: ni-ta-ku-pik-i-a. Nafsi, wakati, mtendwa, mzizi, kutendea, kiishio. Mtoto aliyesema hivyo amefanya kazi ambayo Kiingereza kinahitaji maneno matano. Kwa Kiswahili hesabuni viambishi, na angalieni ni vipi vimekosekana: utafiti wa watoto wadogo wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa viambishi vya nafsi na vya wakati hudondoshwa sana mwanzoni, kisha hurudi kadiri mtoto anavyokua. Kuvidondosha akiwa na miaka miwili si kitu. Kuvidondosha akiwa na miaka mitano, ambapo wenzake hawafanyi hivyo, ni kitu.

Ngeli zinahitaji tahadhari ile ile ya matamshi. "Kiti imevunjika" ni Kiswahili cha kila siku Nairobi, Kampala na Lubumbashi, kwa watu wazima wenye akili zao timamu. Mtoto wa Makunduchi anayesema hivyo wakati bibi yake anasema "kimevunjika" ni habari nyingine. Sampuli iwe ya sentensi 50 hivi, na isichukuliwe kwa kumhoji mtoto. Mpe mwenzake wacheze, au anzisha hadithi: "Paukwa!" Mtoto aliyezoea hadithi atajibu "Pakawa!" kabla hujameza mate. Vitendawili ni hazina: "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Ndani ya dakika moja umesikia zamu, kumbukumbu, tamathali, na kama atashindwa, kama anajua kudai au kutoa mji. Yule mtoto wa picha ya mbwa huenda angeongea hapa.

Kwa watoto wadogo zaidi, muulize mzazi maneno anayoyasema mtoto badala ya kumjaribu mtoto. Huko Kilifi watafiti walishatengeneza orodha za namna hiyo kwa Kiswahili na Kigiriama, na ni mfano mzuri wa kuonyesha darasani jinsi maneno yanavyochaguliwa kutoka ndani ya jamii.

Jambo moja lisifundishwe tena popote: kumwambia mzazi aache lugha ya nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe". Lugha mbili au tatu hazisababishi kuchelewa kuongea wala kigugumizi. Ukimwambia mama aache Kichaga, umemnyamazisha bibi anayemlea mtoto mchana kutwa, na mtoto mwenye upungufu wa maneno umempunguzia watu wa kuongea naye.

Watu wazima: saa, siku na sala

Mgonjwa wa kiharusi anaulizwa, "Sasa ni saa ngapi?" Anajibu saa tatu. Saa ya ukutani inaonyesha tisa. Mwanafunzi aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza anaandika: hana mwelekeo wa wakati. Kosa hili hutokea hasa pale mtu mmoja anapouliza kwa Kiswahili na mwingine anajaza fomu ya Kiingereza. Mgonjwa wa lugha mbili apimwe kwa kila lugha aliyokuwa akiitumia, na faili liseme swali liliulizwa kwa lugha ipi.

Mfululizo wa siku uanze Jumamosi au Jumatatu, vyote sahihi. Majina yenyewe yanahesabu kuanzia Jumamosi. Kwa maneno yanayotoka yenyewe, Al-Fatiha au Baba Yetu mara nyingi hutoka hata pale maneno mengine yamekwama. Muulize kwanza mgonjwa au ndugu zake kama ni sawa kuitumia. Sala si chombo cha kujaribia.

Kwa kigugumizi, Waislamu na Wakristo wote wanaijua habari ya Nabii Musa: katika Sura Taha anaomba lifunguliwe fundo la ulimi wake, na katika Kutoka 4:10 anasema yeye ni mzito wa kusema. Mgonjwa akiitaja, mwanafunzi aipokee. Mtu aliyepewa utume mkubwa pamoja na ulimi wake mzito ni mazungumzo mazuri ya kuanzia na kijana aliyeacha shule kwa aibu.

Chakula: zoezi la jikoni

Umezaji ndipo kosa la kitamaduni linapoweza kuua, kwa hiyo darasa hili lifanyike jikoni, si ubaoni.

Mfumo wa kimataifa wa IDDSI unapanga vinywaji na vyakula katika ngazi 0 hadi 7. Vinywaji hupimwa kwa bomba la sindano la mililita 10, lile ambalo umbali wa kutoka 0 hadi 10 ni milimita 61.5, lenye umbo tofauti litatoa jibu la uongo. Toa kisukumio, ziba mdomo wa chini kwa kidole, jaza hadi 10, achia kidole huku unaanza kuhesabu, ziba tena baada ya sekunde 10, soma kilichobaki. Chini ya mililita 1 ni ngazi 0. Kati ya 1 na 4 ni ngazi 1. Zaidi ya 4 hadi 8 ni ngazi 2. Zaidi ya 8 huku bado kinadondoka ni ngazi 3. Kisichotoka kabisa ni ngazi 4, na hapo malizia kwa majaribio ya kijiko na uma.

Kila kikundi kipike uji wa aina tatu, wa dona, wa ulezi na wa mchele, kwa vipimo vilivyoandikwa. Wapime ukiwa wa moto wa kunyweka, kisha baada ya dakika 15, kisha baada ya 30. Uji unaopoa unakazana, na wataona ule ule ukipanda ngazi mezani. Kisha wachukue kikombe kimoja, waache ndani yake kijiko kilichotoka kinywani, wapime tena: mate yanavunja wanga, na uji unalegea. Ndiyo sababu mgonjwa anayelishwa polepole kwa kijiko kile kile huanza vizuri na kuanza kukohoa kuelekea mwisho. Madonge ya unga yakiziba bomba, jibu si ngazi 4, chuja urudie.

Waendelee na vyakula vigumu: ugali mkavu unaong'ang'ania kaakaa, wali unaotawanyika punje punje, maganda ya maharage, mlenda unaoteleza na kusaidia tonge kushuka. Kila kimoja kionjwe na mwanafunzi bila kutumia ulimi kusafisha shavu. Waulize pia namna ya kula: kwenye sinia moja, nani anaona kwamba babu ameacha kumeza? Kumtenga babu na sahani yake kunaweza kumuumiza kuliko njaa. Mara nyingi inatosha kumpa upande wake wa sinia na mtu mmoja wa kumtazama.

Kombe (maji yaliyooshea maandishi ya Kurani), maji ya zamzam na divai ya Ekaristi ni vinywaji vyepesi, ngazi 0, na familia haitavitaja kwenye orodha ya vyakula kwa sababu kwao si chakula. Mwanafunzi aulize kwa jina. Kisha msimamizi, familia na sheikh au padri wakae waamue pamoja: kiasi gani, mgonjwa akiwa ameketi wima, kinywa kikiwa kimesafishwa. Ramadhani ipangwe mwezi mmoja kabla, pamoja na saa za dawa. Mgonjwa ana ruhusa ya dini ya kutofunga, lakini wengi hawataipokea kutoka kwa mwanafunzi wa chuo.

Kugusa shingo kufuatilia mmezo kunahitaji ruhusa kila mara. Kwa mwanamke aliyejifunika, pazia livutwe, ndugu wa kike awepo, na aguswe na mwanafunzi wa kike. Asipopatikana, mwanafunzi wa kiume amwelekeze ndugu mahali pa kuweka vidole.

Mkalimani, na kwenda nyumbani

Mtoto wa mgonjwa asitumike kutafsiri habari nzito. Mkalimani apewe dakika kumi kabla: aambiwe asisahihishe maneno ya mgonjwa, asiyapendezeshe, aseme hata yasiyo na maana kama yalivyo. Mwanafunzi amtazame mgonjwa, si mkalimani. Baadaye dakika kumi nyingine za kuuliza: "Alivyosema, kulikuwa na kitu kisicho cha kawaida?" Kwa kiziwi, mkalimani awe wa lugha ya alama ya nchi husika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Haifai kumlazimisha mtu asome midomo kliniki.

Kila mwanafunzi afanye ziara nyumbani angalau mbili kwa kila muhula wa vitendo. Apige hodi na kungoja karibu, avue viatu, akaribishwapo chakula aonje hata tonge moja. Majirani watajaa sebuleni. Mazungumzo ya siri yaahirishwe kwa kisingizio cha adabu, kwa mfano kumwomba mama amsindikize hadi barabarani. Malengo ya tiba yaandikwe kutokana na alichokiona huko. Mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 unatutaka tutazame ushiriki wa mtu katika maisha yake, na ushiriki una sura ya mahali: kuitikia salamu barazani, kuongoza dua msibani, kutaja bei ya nyanya na kurudisha chenji, kujibu jina darasani mwalimu anapoita.

Kumpima mwanafunzi

Katika mtihani wa vitendo, tenga alama 30 kati ya 100 kwa mambo haya, na asiyepata 15 asifaulu hata kama mengine yote ni mazuri. Msimamizi aangalie: alisalimu hadi mwisho; aliuliza nani anamlea au kumhudumia mgonjwa; alirekodi matamshi ya familia kabla ya kuandika kosa; aliandika lugha ya kila swali; aliuliza tiba zilizotangulia bila kubadilika uso; alimfanya ndugu aonyeshe badala ya kukiri; lengo lake linataja mahali na watu. Mgonjwa au ndugu atoe alama 5 kati ya hizo 30, kwa swali moja aulizwalo na mtu mwingine, mwanafunzi akiwa ametoka: "Ungependa huyu arudi kwenu?"

Kwenye faili, kila neno "hawezi" lifuatwe na mahali lilipoonekana na nani alikuwepo. "Hajibu maswali" lisomeke: "Hakujibu maswali ya picha, chumba cha tiba, mbele ya mtu mzima asiyemjua; nyumbani, kwa maelezo ya dada yake, anasimulia." Fomu ya mtoto wa picha ya mbwa ikiandikwa hivyo, atakayeipokea wiki ijayo atajua aanzie kwa dada.